Kibao cha herufi nyembamba zenye vijikia: usilipe kwanza

Simamisha hiyo kazi. Umesema nyumba yako ya wageni Shela, hapa Lamu, inafunguliwa mwezi ujao, umeshachagua fonti nyembamba, yaani iliyobanwa upana, yenye vijikia (vile vistari vidogo kwenye ncha za herufi), na sasa unauliza iende na rangi gani kwenye kibao, menyu na tovuti. Rangi baadaye. Hicho kibao kinabandikwa wapi? Kama ni bapa ukutani ndani ya kichochoro, hizo pesa umeshazitupa baharini.

Changu kilibandikwa hivyo hivyo, mtaa wa Mkomani, Lamu mjini. Kwenye kompyuta jina lilipendeza kweli: herufi ndefu zilizokaribiana, nguzo nene, vistari vyembamba kama unywele. Lakini vichochoro vyetu unavijua. Mtu hakikabili kibao, anakuja ubavuni, bega karibu na ukuta. Maandishi yakitazamwa kwa ubavu, urefu haupungui. Upana ndio unaoliwa. Sasa chukua herufi ambayo tayari imebanwa, jicho liibane tena. Zinabaki nguzo tupu: n, u, i, l, zote mamoja. Wageni walikuwa wakiupita mlango na mabegi yao mpaka mwisho wa mtaa, ndipo wapige simu. Punda peke yao hawakuukosea, na hao hawalipi.

Halafu stika zenyewe za herufi. Kile kistari cha katikati ya e kilikuwa chembamba hata gundi haikuwa na pa kushika. Jua na chumvi vikamalizia, e ikawa c. Ikabidi mbao mpya, stika mpya, fundi mpya, na ukuta kupigwa chokaa upya kwa sababu tulipong'oa skrubu ulitoka nazo.

Na huyo mchoraji aliyenishauri, Lamu hajawahi kuikanyaga! Nilipomuuliza kama itasomeka, akanijibu kuwa Apple walitumia fonti ya Garamond iliyobanwa tangu 1984. Ni kweli, tena miaka mingi. Lakini wao walikuwa kwenye karatasi laini, maneno machache, makubwa, msomaji ameshika ukurasa mbele ya uso. Huko ndiko herufi hizi zinakong'aa: kichwa kirefu kinaenea mstari mmoja bila kupunguzwa ukubwa, na bado kina haiba. Juu ya menyu weka, tena kubwa. Orodha ya vyakula chini yake, kwa mwanga wa taa ya jioni, usithubutu.

Kabla hujatoa hata shilingi, chapisha jina kwa ukubwa wake halisi, unga karatasi kwa selotepu, bandika pale pale ukutani, kisha upite kwa mwendo wako wa kawaida, kutoka kila upande, mchana na magharibi. Mlete na mtu asiyelijua jina, maana wewe utalisoma hata likifutwa. Likishindikana, chukua herufi pana yenye vistari vinene, au ning'iniza kibao kitokeze kichochoroni kimkabili anayekuja, juu ya usawa wa mizigo ya punda.

Ya tovuti na rangi wapo wenzangu hapa wanaojua. Kama kibao hakijakatwa, mpigie fundi sasa hivi.