Kuchagua Kifuniko cha Bwawa la Kuogelea kwa Miezi ya Baridi Jijini Nairobi

Vifuniko vingi vya bwawa vinavyouzwa kwenye intaneti kwa jina la vifuniko vya majira ya baridi vimetengenezewa nchi ambazo maji huganda. Huko mwenye bwawa hupunguza maji, huondoa yaliyomo kwenye mabomba ili yasipasuke, huzima pampu kwa miezi kadhaa, kisha hutandaza kifuniko kizito cha kubeba theluji. Hapa Nairobi mambo hayo hayatuhusu. Mwezi wa Julai, ambao ndio wa baridi zaidi kwetu, joto la usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12 hivi, na mchana hufika 21 au 22, huku wingu likitanda juu ya jiji mara nyingi hadi saa sita. Maji ya bwawa wakati huo yana joto la kutosha kuotesha mwani, lakini ni baridi mno kwa mtoto kuyafurahia. Kwa hiyo anayenunua kifuniko hapa ana swali lake mwenyewe la kujibu, nami nimelijibu kwa bwawa letu la Lang'ata na kuwasaidia ndugu na majirani kulijibu kwa mabwawa yao.

Swali lenyewe ni hili: kati ya Juni na Agosti, bwawa litatumika au litafungwa? Ukilijibu kwa uwazi kabla ya kuingia dukani, nusu ya kazi imekwisha, kwa sababu kifuniko kinachofaa bwawa linalotumika hakifai bwawa lililofungwa, na muuzaji asiyekuuliza jambo hilo anakuuzia alichonacho tu.

Kwa bwawa litakalotumika, hata kama ni mwisho wa wiki pekee, ningechagua plastiki ya vipovu inayoelea juu ya maji, yenye unene wa mikroni 400 au 500, yaani karibu nusu milimita. Wengi hudhani kazi yake ni kupasha maji joto. Kwa Julai yetu yenye mawingu jua lenyewe ni haba, kwa hiyo faida yake kubwa iko usiku. Maji ya bwawa la nje hupoteza joto zaidi kwa kugeuka mvuke kuliko kwa njia nyingine yoyote. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba takriban asilimia 70 ya joto linalopotea huondoka hivyo. Kupasha lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 4.2 tu, ilhali lita hiyo ikigeuka mvuke huondoka na takriban kilojuli 2,400, nazo hutolewa kwenye maji yanayobaki. Ukizuia mvuke umezuia baridi, na mwenye mtambo wa kupasha maji ambaye hana kifuniko analipia umeme unaopaa angani kila usiku.

Mvuke huo pia ni maji ya kununua. Bwawa la mita 8 kwa 4 lina uso wa mita za mraba 32, kwa hiyo kila milimita moja inayokauka ni lita 32. Likipoteza milimita 4 kwa siku, ni lita 128, na kwa mwezi zinakaribia lita 4,000. Katika mitaa ambayo maji ya mfereji huja kwa mgao na pengo huzibwa na lori la maji, kiasi hicho hakiwezi kupuuzwa. Kabla ya kulaumu mvuke, hata hivyo, hakikisha bwawa halivuji: jaza ndoo maji, iweke kwenye ngazi ya bwawa hadi maji ya ndani na ya nje yalingane, kisha linganisha baada ya siku moja au mbili. Maji ya bwawa yakiwa yameshuka kuliko ya ndoo, mwite fundi wa mabomba kwanza, kwa maana hakuna kifuniko kitakachoziba ufa.

Rangi ya plastiki ya vipovu ina uzito kuliko inavyodhaniwa. Ile angavu hupitisha mwanga mwingi zaidi hadi kwenye maji, na kwa mchana mfupi wa jua tulio nao Julai ndiyo ninayoipendelea. Ile ya buluu iliyokoza hupendeza macho, lakini hunyonya sehemu ya joto juu kabisa. Vipovu hutazama chini, kuelekea maji. Ukiikunja, usiiache wazi juani, kwa kuwa tabaka zilizorundikana hukusanya joto na vipovu hupasuka. Ifunike kwa shuka jeupe. Jiji letu liko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na karibu sana na ikweta, na jua la huku hula plastiki upesi.

Bwawa litakalofungwa ni habari nyingine. Hapo shabaha ni kuzuia mwanga na uchafu, na kifuniko chake ni turubai zito la PVC lisilopitisha mwanga, la gramu 550 hadi 650 kwa mita ya mraba au zaidi. Mwani hauwezi kuota bila mwanga, kwa hiyo giza hilo linakufanyia kazi usiku na mchana bila kukudai hata tokeni moja ya umeme. Nyavu zinazopitisha mvua, ambazo husifiwa sana ng'ambo, sizipendekezi kwa kazi hii. Huzuia majani lakini hupitisha mwanga na vumbi laini, na kwa wakazi wa Kitengela au Syokimau vumbi ni adui mkubwa kuliko majani. Hofu ya maji ya mvua kujaa juu ya turubai nayo ni ndogo katika miezi hii, kwa sababu Julai na Agosti ni kati ya miezi yetu yenye mvua chache. Kinachoanguka zaidi ni manyunyu. Hata hivyo yafagie au yanyonye kila yanapotuama, kwani mbu hawahitaji zaidi ya wiki moja au mbili kukua kwenye dimbwi kama hilo.

Turubai ni bidhaa ambayo hatuna haja ya kuagiza nje. Mafundi wanaoshughulikia maturubai ya malori na mahema katika Eneo la Viwanda wanaweza kulitengeneza kwa kipimo chako, lakini lazima uangalie viungo. Omba vichomelewe kwa hewa ya moto badala ya kushonwa, kwa kuwa tundu la sindano hupitisha maji na uzi huoza kwa jua na klorini. Fundi aliyetengeneza letu alichukua mabaki mawili ya kitambaa, akayalaza moja juu ya jingine kwa upana wa vidole viwili, akapitisha mdomo wa mashine katikati huku akiukandamiza ukingo kwa kirola kidogo cha mpira, kisha akanikabidhi kipande kikiwa bado na joto.

"Vuta, mama. Vuta kwa nguvu, usiogope."

Nilivuta kwa mikono miwili hadi kitambaa chenyewe kikaanza kutanuka, na kiungo hakikuachia. Ndicho kipimo ninachomwambia kila mtu akidai kabla ya kulipa malipo ya awali. Angalia pia kwamba ukingo umekunjwa mara mbili na kamba kuingizwa ndani yake, na kwamba pete za matundu ni za shaba au chuma kisichoshika kutu, maana pete za bei rahisi huacha madoa ya kahawia kwenye mawe baada ya msimu mmoja.

Vipimo hutofautiana kwa kila aina. Plastiki ya vipovu hupimwa kwa uso wa maji, kwa sababu inaelea ndani ya kuta. Turubai hupimwa kwa uso wa maji pamoja na sentimita 30 hadi 50 za kulala juu ya sakafu kila upande. Pima pia mistari ya kona kwa kona; ikiwa hailingani, bwawa limepinda kidogo, na ni heri fundi ajue mapema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa lisomwe polepole. Plastiki ya vipovu haimzuii mtoto kuzama. Inamhatarisha zaidi, kwa kuwa inaonekana kama sakafu, na mtoto akiikanyaga huzama nayo, ikamfunika, na aliye dirishani asione kitu. Turubai lililofungwa kwa kamba tu nalo lisihesabiwe kuwa ulinzi, na maji machache yaliyotuama juu yake yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Kinachostahili kuitwa kifuniko cha usalama ni kile kilichotengenezwa kubeba uzito: kiwango cha Marekani cha ASTM F1346 kinataka kihimili takriban kilo 220, yaani watu wazima wawili na mtoto mmoja. Muuzaji akitamka neno usalama, mwombe akuonyeshe kiwango hicho au kingine kinacholingana nacho kwenye karatasi za bidhaa. Asipokionyesha, chukua kwamba amekuuzia turubai.

Kifuniko cha usalama hushikwa na mikanda iliyokazwa kwenye boliti zilizochimbiwa sakafuni, na hapo ndipo nyumba nyingi za Nairobi zinapokwama. Sakafu zetu za pembeni ya bwawa mara nyingi ni kabro au mawe ya Mazeras yaliyopangwa juu ya mchanga, na boliti iliyotiwa kwenye kabro hung'oka pamoja na tofali lake mkanda ukikazwa. Inakubidi umwage mkanda wa zege kuzunguka bwawa, au utumie vigingi virefu vinavyopenya hadi udongo mgumu. Gharama hiyo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Ikiwa fedha hazitoshi kwa yote, ushauri wangu ni kuanza na uzio wa angalau mita 1.2 wenye lango linalojifunga lenyewe, kisha uweke kifuniko cha kawaida. Nyumba isiyo na mtoto haina udhuru pia, kwa kuwa Jumamosi moja ya wageni inaleta watoto watano.

Usisahau mbwa wa ulinzi wanaofunguliwa usiku. Mbwa anayemfukuza paka gizani hukimbilia juu ya kifuniko bila kujua, akishaanguka hapati pa kushika. Walio karibu na misitu ya Karura au Ngong wana kima pia, na kima hupenda kurukia turubai lililokazwa na kuchokonoa pete zake. Kwao ningeongeza unene wa kitambaa kabla ya kitu kingine chochote.

Kufunika si kuacha. Chini ya kifuniko klorini hudumu zaidi kwa sababu jua halifiki kuiharibu, na Idara ile ile ya Marekani inataja upungufu wa asilimia 35 hadi 60 katika matumizi ya dawa. Lakini maji yanaendelea kuhitaji kupimwa kila wiki, pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikae kati ya 7.2 na 7.6, na pampu iendelee kufanya kazi kwa saa chache kila siku. Siku ya kutia dawa nyingi, acha bwawa wazi hadi kiwango kishuke, kwa sababu klorini kali iliyofungiwa huunguza plastiki na gesi zake hazina pa kutokea. Na mtu yeyote asiogelee kifuniko kikiwa kimeondolewa nusu. Kiondolewe chote ndipo watu waingie.

Turubai letu huondoka mwishoni mwa Agosti. Hufagiliwa likiwa bado limetandazwa, likaoshwa kwa maji na sabuni laini, likakaushwa pande zote mbili kabla ya kukunjwa, kwa kuwa unyevu kidogo tu unatosha kulijaza ukungu, kisha huwekwa juu ya rafu ambako panya hawafiki. Mwenye mjakaranda karibu na bwawa asikae bila kitu baada ya hapo, maana maua huanza kudondoka kati ya Septemba na Novemba na huziba kichujio kwa siku chache tu. Kwa kipindi hicho, wavu mwepesi wa kukinga majani, ule niliosema haufai kwa bwawa lililofungwa, ndio unaotosha.