Mkuu, hiyo "ukishafunga umemaliza" ndiyo iliyonimaliza mimi

Nimesoma bandiko lako lote, lakini jicho langu limeganda kwenye mstari mmoja: fundi kakwambia alamu ya duka lako la dawa "ukishafunga umemaliza, haina gharama nyingine". Mengine uliyouliza, ya waya au bila waya, seti iliyotumika ya shemeji yako, kamera na bei, nitayafikia. Ngoja kwanza nishushe pumzi, maana maneno hayohayo niliambiwa mimi Mbagala mwaka 2018 nikayaamini kama mtoto.

Mimi nauza vifaa vya sola. Paneli, inveta, taa, betri. Likumbukeni hilo neno betri, wakuu, mtakuja kunicheka huko mbele.

Alamu yenyewe ilikuwa nzuri, sisemi uongo. Boksi la chuma stoo, sensa tatu za kunasa mtu anayetembea (si ile ya Watu na Makazi), sumaku kwenye mlango wa mbele na wa nyuma, king'ora nje chini ya bati, na laini ya simu ya kunipigia. Ndani ya lile boksi kuna betri nyeusi ya volti 12, ampea-saa 7, kubwa kama nusu tofali. Kazi yake ni moja: umeme ukikatika, yeye anashika zamu. Mfumo ukiwa unakula miliampea 300, kwa hesabu za karatasini betri nzima inakupa saa 23 hivi. Umelala, na umeme umelala, yeye yuko macho.

Sasa betri za namna hii zinazeeka. Kwenye ubaridi wa wastani zinakaa miaka mitatu hadi mitano. Joto linazila: kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake unakatika karibu nusu. Fundi wangu alilitundika wapi boksi? Stoo isiyo na dari, mkono mmoja tu chini ya bati. Dar es Salaam hii, mwezi wa pili. Pale juu ungeweza kukausha dagaa.

Mwaka wa tatu kile kidude cha ukutani cha kubonyezea namba kikaanza kulia. Tii. Kimya. Tii. Kila baada ya dakika moja hivi, na taa ya njano inawaka. Binti anayeniuzia akasema kinampasua kichwa. Nikampigia fundi. Akaja na bodaboda, akabonyezabonyeza namba kama dakika tano, kikanyamaza. Nikamuuliza, na hiyo taa ya njano? "Hiyo ya kawaida bosi, usiisumbue." Nikamtumia elfu 20 kwa simu, akashukuru, akaondoka.

Yaani alamu ilikuwa inaniambia, kwa lugha pekee inayoijua, kwamba betri imekufa, na mimi nikatoa hela yangu nimlipe mtu aizibe mdomo. Boksi hata hakulifungua. Najua kwa sababu kwenye pembe ya kifuniko kulikuwa na utando wa buibui, na alipoondoka ulikuwa mzima vilevile.

Na hatua nne kutoka pale, rafu ya chini, nilikuwa na betri sita za aina ileile. Mpya. Bidhaa yangu mwenyewe. Haya, chekeni, nilishawatahadharisha.

Ule usiku umeme ulikatika saa 3:14. Muuza chipsi wa jirani anasema alisikia king'ora kinafanya "kwii", kama kifaranga kilichokanyagwa, kikanyamaza. Akajua ni mambo ya umeme tu. Wezi wakaja kwenye saa nane. Na niseme kinachoniuma kuliko vyote: hawakuwa na ujanja wowote. Hawakukata nyaya wala hawakupanda juu ya bati. Walikata kufuli la mlango wa nyuma, wakapita mbele ya sensa zangu tatu kama wateja, wakabeba taratibu. Inveta kumi na moja, paneli zote ndogo, taa, nyaya za shaba, betri zote pamoja na zile sita. Betri pekee waliyoniachia dukani ni ile maiti ndani ya boksi.

Mlinzi tunaye mmoja kwa maduka matano, alikuwa upande wa pili na moto wake. Nilipomfokea alinijibu kwa upole kabisa: "Bosi, mimi nilikuwa nasubiri kengele." Sikuwa na la kumjibu. Hata mimi nilikuwa nasubiri kengele.

Mzigo wa milioni 14 na ushee. Bima nilikuwa nayo, tena nalipia kila mwaka kwa wakati. Wakaniuliza swali moja: karatasi za matengenezo ya alamu ziko wapi? Kumbe mkataba, kwa yale maandishi ya kusomea na tochi, unasema alamu iwe inafanya kazi na iwe inakaguliwa. Karatasi niliyokuwa nayo ni ile meseji ya elfu 20. Sikupata hata mia.

Nikampigia fundi. Unajua alinijibu nini? "Bosi, betri ni jukumu la mteja." Alaa! Siku ya kuchukua hela haina gharama nyingine, siku ya msiba ni jukumu la mteja. Niliyomwambia nikiyaandika hapa nafungiwa akaunti. Na si yeye peke yake, mafundi wa hivyo wamejaa. Wanajua kutoboa ukuta na kubandika stika ya "eneo hili linalindwa". Muulize betri inabadilishwa lini uone atakavyokodoa macho.

Mzee mmoja fundi redio ndiye aliyenifungulia akili. Aliichomoa ile betri akaipima, mita ikasoma volti 12.4. Nikaruka: si nzima hiyo! Akasema tulia. Akaiunganisha na king'ora, kikalia nusu sekunde, namba zikaporomoka mpaka 7. "Hii ni kama mgonjwa aliyeketi," akasema. "Anaonekana mzima. Mwambie asimame."

Kwa hiyo mkuu, kabla hujauliza alamu gani, shika hili: KILA TAREHE MOSI, ZIMA UMEME, JIIBIE. Sizungumzii kubonyeza kitufe cha majaribio, kile kinalia kwa umeme wa ukutani hata kama betri imeshazikwa. Funga duka, washa alamu, zima swichi kuu, kaa nje saa nzima unywe kahawa. Kisha ingia kama mwizi. King'ora kilie dakika mbili mfululizo bila kufifia, na simu yako iite. Kisipolia, au kikilia kwa sauti ya mgonjwa, nunua betri kesho yake asubuhi. Ni kama elfu 40, kwangu nakupunguzia.

Waambie majirani na mlinzi kwanza. Mwezi wa kwanza mimi sikusema, vijana wa bodaboda wakanikuta natokea mlango wa nyuma na tochi mdomoni, king'ora kinalia. Nilikuwa nataja jina langu na la mama yangu kwa wakati mmoja.

Tarehe ya kununua betri iandike kwa maka peni juu ya betri yenyewe. Kwangu ikifika miaka miwili inatoka, iwe inapumua au haipumui, na boksi nimelishusha usawa wa kiuno, mbali na bati. Ile laini ya kwenye alamu nayo iwekee salio na uitumie kwenye hilo jaribio, maana laini ikikaa miezi bila kupiga simu, kampuni ya simu inaweza kuifunga, na wewe hujui.

Waya au bila waya, chukua yoyote, ila za bila waya kila sensa ina kibetri chake, kwa hiyo badala ya maiti moja unaweza kuwa nazo sita. Na sensa isielekee dirisha la jua la jioni, na hakikisha mjusi hawezi kutembea juu ya kioo chake, atakuamsha kila usiku mpaka uizime mwenyewe, na hapo mwizi kashapata anachotaka. Seti ya shemeji sijui, fungua boksi usome tarehe.

Kamera pia uliuliza. Nilikuwa nazo nne, kwenye umeme uleule. Ndizo zilizonipa ile saa 3:14. Picha ya mwisho kabla ya giza ni ya paka anavuka mlangoni. Polisi waliniomba video, nikawapelekea paka.