Fundi wa bustani Tanga: mpime kwa anavyouliza kuhusu udongo na maji

Pesa nyingi ya bustani ya nyumbani hapa Tanga inatakiwa iishie chini ya ardhi, kwenye udongo, mabomba, mifereji na leveli. Maua ni sehemu ndogo ya gharama, na ndiyo rahisi kubadilisha ukichoka nayo. Kwa hiyo fundi anayefungua simu na kukuonyesha picha za bustani za watu, kisha akaanza kutaja miche kabla hajauliza maji yako yanatoka wapi, huyo anauza miche tu. Anayeijua kazi huanza na maswali: maji ya paa yanamwagikia wapi, shimo la choo liko upande gani, bomba la maji safi limepita wapi, kisima kina chumvi au hakina, gari linageuzia wapi, nani atamwagilia kila siku. Asipouliza, mwache aende.

Mjini kwetu kazi kadhaa huwekwa kwenye kapu moja, na hapo ndipo watu wengi hulipa kitu wasichokipata. Kuna msanifu wa mandhari, mtu aliyesomea kupima na kuchora eneo. Fani hiyo inafundishwa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Kuna mtaalamu wa kilimo cha bustani, ambaye anajua mimea, udongo na wadudu; wengi wao wamepitia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Kuna fundi anayechimba, anayepanga pevingi (vitofali vya kutandika chini) na kupanda. Halafu kuna muuza miche wa pembeni ya barabara, ambaye anajua vizuri miche yake lakini hajawahi kuona uwanja wako. Kwa uwanja wa kawaida, tuseme mita za mraba 200 au 300 zilizo tambarare, fundi mzuri anakutosha, pamoja na mtaalamu wa mimea wa kuja siku moja kukagua na kushauri. Kama kuna mteremko mkali, ukuta wa kuzuia udongo, au maji ya jirani yanaingia kwako, lipia mchoro wa msanifu kwanza. Hapo usibane.

Ujue uwanja wako kabla hujamwita mtu

Mvua kubwa ikinyesha, toka nje. Saa moja baada ya mvua kukatika, chomeka vijiti kila mahali maji yaliposimama. Ramani hiyo ya vijiti ina thamani kuliko picha yoyote utakayompa fundi. Kisha piga hesabu ya paa: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50, na masika ya Tanga inaweza kumwaga kiasi hicho kwa siku moja, ni lita 6,000. Maji hayo yote yanatua uwanjani. Bustani isiyoyapangia njia itayakuta yamejipangia yenyewe, mara nyingi kupitia kitalu cha maua hadi mlango wa jikoni.

Kipimo cha pili ni cha shimo. Chimba sentimita 30 kwenda chini na 30 kila upande, jaza maji, yaache yanywee yote, kisha jaza tena na upime kwa rula. Maji yakishuka pungufu ya sentimita 2 hivi kwa saa, udongo wako haupitishi maji vizuri, na mimea mingi itaoza mizizi. Yakipotea kwa dakika chache, una mchanga au mwamba wenye nyufa, na utahitaji mboji nyingi ili unyevu ukae. Fanya mashimo matatu sehemu tofauti, kwa sababu viwanja vingi vimejazwa kifusi upande mmoja na kuachwa asili upande mwingine.

Kifusi chenyewe ni tatizo la kutazama kwa karibu. Nyumba inapomalizika, mabaki ya zege, plasta, chokaa na vipande vya tofali hufukiwa palepale, na juu yake hutandazwa udongo mzuri wa sentimita 5. Ukishika sururu ukapiga mara tatu utasikia. Mche ukipandwa hapo unakaa vizuri wiki chache, mizizi inagonga zege, basi. Mkataba useme wazi kwamba kifusi kitaondolewa hadi kina cha sentimita 40 penye vitalu, na useme kinapelekwa wapi, kisije kikahamishiwa nyuma ya nyumba.

Chokaa na chumvi

Tanga imekalia mawe ya chokaa kwa eneo kubwa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayo, na saruji inatengenezwa hapa kwa sababu mawe hayo yapo. Ufukweni, Raskazone au Sahare, unachimba kidogo unakutana na jiwe la matumbawe. Udongo wa namna hiyo hufunga madini ya chuma yasichukuliwe na mizizi. Dalili yake ukishaiona huisahau: jani changa linakuwa la manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama wavu. Ua la ixora ndilo linaloonyesha mapema, na milimau na michungwa hufuata. Watu wakiona umanjano huo humwaga urea, na hakuna kinachobadilika, kwa kuwa mche haukosi naitrojeni iliyomo kwenye urea. Kinachosaidia kwa muda ni mbolea ya majani yenye chuma. Cha kudumu ni kuchagua mimea inayovumilia chokaa, au kuipanda ile isiyovumilia kwenye vyungu vikubwa vyenye udongo wa kuletwa na mboji.

Tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Kituo cha Mlingano, Muheza, cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ndicho kinachoshughulika na udongo kitaifa, na kipo mwendo mfupi tu kutoka mjini. Chukua vijiko vya udongo sehemu kumi za uwanja, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, toa kama kilo moja, kausha kivulini, peleka. Mwambie fundi kwamba orodha ya mimea itajadiliwa baada ya majibu. Akikasirika, umeshapata jibu jingine.

Chumvi inakuja kwa njia tatu. Ya kwanza ni upepo wa bahari, hasa kwa nyumba zinazotazama maji. Hapo kinga ya mbele iwe mimea iliyozoea: mvinje, mkungu, mkadi, mnazi, bogenvilea. Nyuma yake ndipo uweke yenye majani laini. Ya pili ni kisima. Maji ya visima vya karibu na pwani huzidi chumvi mwishoni mwa kiangazi, wakati unapoyahitaji zaidi, kwa hiyo pima mwezi wa pili au wa tatu, usipime baada ya masika ukajidanganya. Ya tatu ni mchanga wa ufukweni, ambao baadhi ya mafundi huleta kwa sababu ni wa karibu na wa bei ya chini. Huo usiingie uwanjani kabisa, iwe kwenye vitalu au chini ya pevingi. Chumvi yake huunguza mizizi na huacha unga mweupe juu ya vitofali. Andika kwenye mkataba: mchanga wa mto au wa shimo.

Hesabu ya nyasi

Hapa ndipo ndoto na bili ya maji hukutana. Nyasi kwenye joto letu zinataka karibu lita 5 kwa mita moja ya mraba kwa siku wakati wa kiangazi. Mita za mraba 100 ni lita 500 kwa siku, lita 15,000 kwa mwezi, yaani uniti 15 juu ya matumizi ya nyumba. Kabla hujakubali uwanja mzima uwe kijani, fanya hesabu hiyo kwa bei ya maji unayolipa wewe. Maoni yetu ni kwamba nyumba nyingi zingefurahia zaidi nyasi za mita za mraba 40 zilizotunzwa, na sehemu iliyobaki iwe miti ya kivuli, vitalu vyenye matandazo ya kufunika udongo na njia za kupita.

Aina nayo ina maana. Ukoka ni mgumu, huvumilia kukanyagwa na ukame, lakini chini ya mwembe hautaota hata umwage mbolea gani. Majani ya Pemba hukubali kivuli na chumvi vizuri zaidi. Paspalamu ya pwani huvumilia hata maji yenye chumvi kiasi. Fundi akisema "nyasi" tu, muulize zipi, na atazitoa wapi, kwa maana vipande vya nyasi kutoka uwanja wenye gugu la ndago huleta ndago, na ndago ikishaingia utaing'oa miaka.

Mchanganuo wa gharama

Ukipewa karatasi yenye mstari mmoja unaosema "kutengeneza bustani" na jumla chini yake, irudishe. Kila kitu kiwe na kipimo: udongo kwa mita za ujazo, samadi kwa mita za ujazo, miche kwa idadi na urefu, mabomba kwa kipenyo na mita, pevingi kwa mita za mraba na unene.

Udongo ndio unaoibwa zaidi, maana huhesabiwa kwa "tripu". Vitalu vya mita za mraba 100 kwa kina cha sentimita 15 vinahitaji mita za ujazo 15. Ongeza kama asilimia 20, kwa sababu udongo uliolegea hushuka ukimwagiwa maji, unafika 18. Lori likifika, pima ndani ya bodi urefu, upana na kimo cha mzigo, zidisha, andika. Kisha chota kiganja: udongo wa juu una harufu ya ardhi na vijizizi, wa chini ni mgumu, una rangi moja, na haulishi kitu.

Kwa pevingi za mahali pa gari dogo, kitofali cha milimita 60 kinatosha. Lakini kitofali hakibebi gari, msingi ndio unaobeba. Unataka moramu ya sentimita 15 iliyoshindiliwa kwa mashine kwa matabaka mawili, mchanga wa sentimita 3 hadi 4 juu yake, na ukingo wa zege pembeni. Fundi akitandaza mchanga mzito ili kusawazisha mabonde ya moramu, masika ya kwanza itachora alama za matairi. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Huna haja ya kifaa cha ghali: mpira mwembamba unaopitisha mwanga ukijazwa maji unakuonyesha leveli mbili kwa usahihi kabisa. Na kabla pevingi haijapangwa, lalisha bomba tupu la inchi 2 chini yake kuvuka njia ya gari. Ukitaka kupitisha waya wa taa au bomba la maji baadaye, hutabomoa.

Miti na majengo haviongei, lakini hugombana. Usikubali mfikasi (mti wa jamii ya mkuyu) karibu na shimo la choo, ukuta au bomba. Mizizi yake inatafuta maji na itayapata. Mwembe uwe mita 8 kutoka ukutani. Chini ya nyaya za umeme panda kitu kisichozidi mita 3. Oleanda inapendeza na inavumilia chumvi, ila ni sumu kila sehemu yake. Penye watoto au mbuzi wa jirani, chagua kingine. Na barazani weka asumini, hilo halihitaji mtaalamu.

Majira ya kazi

Kuchimba, kuondoa kifusi, mabomba na pevingi vifanyike Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu. Kupanda kusubiri mvua ianze kukolea, mwishoni mwa Machi au Aprili. Ukikosa masika, vuli ya Oktoba hadi Desemba ni nafasi ya pili, ingawa baada yake kuna kaskazi na jua kali, kwa hiyo maji ya kumwagilia yawepo.

Shimo la mti kwenye jiwe liwe mita 1 kila upande, na kazi hiyo ni ya mtaimbo, ilipwe kwa bei yake, maana fundi aliyebanwa atachimba chungu cha sentimita 40 na mti utazunguka humo hadi ukwame. Jaza ndoo tatu za udongo kwa moja ya samadi iliyooza. Samadi mbichi huunguza. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ilingane na ardhi, isifukiwe. Kabla ya kupokea miche, chana kiriba kimoja: mizizi ikiwa imejizungusha chini, mche umekaa kitaluni mno, ukatae. Matandazo ya makumbi ya nazi, sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina.

Malipo na makabidhiano

Mgawanyo unaolinda pande zote ni asilimia 30 vifaa vikifika, 30 baada ya kukagua leveli na mabomba yakiwa bado wazi, 25 baada ya kupanda, na 15 ibaki hadi miezi mitatu ipite. Katika muda huo mche uliokufa bila kosa lako ubadilishwe bure, lakini na wewe uwe umemwagilia: mti mpya lita 20 mara mbili kwa wiki siku zisizo na mvua. Piga picha za mabomba kabla hayajafukiwa, ukiweka futi kamba kando ili kipimo kisomeke.

Siku ya makabidhiano, atakayemwagilia awepo, aonyeshwe kila koki na afungue mwenyewe. Mkataba wa matunzo uwe karatasi ya pili, wenye siku za kukata nyasi, kimo kisichopungua sentimita 4 kwa miezi ya mwanzo, na jina la anayenunua mbolea.