Presha ya macho imenipunguzia uoni: nitaendeleaje kuchora?

Swali: Mimi ni mchoraji wa Tingatinga mwenye umri wa miaka 61. Presha ya macho imenila uoni wa pembeni, na daktari amenieleza kwamba uliopotea haurudi. Naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba, mistari inanipotea, na buluu nzito naichanganya na nyeusi. Je, ninunue kioo cha kukuzia au niache kazi?

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Kazi usiiache, na kioo usikinunue kwa sasa. Kioo cha kukuzia humfaa zaidi aliyepoteza uoni wa katikati. Kwako wewe kitakuza kipande kidogo na kukuficha picha iliyobaki. Dawa yako ni kurudi nyuma. Tuseme umebakiwa na uoni wenye upana wa pembe ya nyuzi 10: ukiwa sentimita 50 kutoka kwenye kibao unaona upana wa sentimita 9 hivi, lakini ukisimama mita 2 unaona sentimita 35. Kwa hiyo paka rangi ukiwa karibu, kisha rudi nyuma kila mara ili upime mpangilio wa picha nzima.

Mstari uhamishie kwenye vidole. John Bramblitt, mchoraji wa Texas aliyepofuka mwaka 2001 kutokana na kifafa, huchora kwanza mistari iliyoinuka, ndipo huipapasa kwa mkono mmoja huku mwingine ukipaka rangi. Wewe tumia gundi nyeupe ya mbao katika chupa ndogo yenye ncha nyembamba: chora umbo la twiga, acha likauke usiku kucha, na asubuhi utakuta ukingo mgumu, mnene kama uzi wa kushonea viatu, ambao brashi ikiugusa, mkono wako utajua umefika mpakani. Nimewafundisha njia hii watu wengi wenye uoni hafifu, na naipenda kwa sababu mkono wa mchoraji mzoefu huishika upesi kuliko mkono wa anayeanza.

Kuhusu rangi, mchoraji Claude Monet wa Ufaransa, aliyegunduliwa kuwa na mtoto wa jicho mwaka 1912 na kupasuliwa jicho la kulia mwaka 1923, alifika mahali akategemea majina yaliyoandikwa kwenye vibomba vya rangi na mpangilio wa rangi usiobadilika. Nawe kila rangi ipe nafasi yake ya kudumu, na makopo yafunge mipira ya kubania pesa: mmoja kwa nyeusi, miwili kwa buluu. Buluu pia waweza kuichanganya na mchanga laini uliochekechwa, ili kidole kiitambue hata jicho linaposita.

Rangi za mafuta zinazong'aa, ambazo wachoraji wa Tingatinga tumezizoea, zina matatizo mawili hapa: si salama kupapaswa zikiwa mbichi, na mng'ao wake humsumbua sana mwenye presha ya macho. Jaribu akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji, isiyong'aa, ambayo ikipakwa nyembamba hukauka ndani ya nusu saa hivi. Taa iweke upande wa mkono usioshika brashi, nyuma kidogo ya bega, isikupige usoni.

Matone uliyoandikiwa usiyakatize hata siku ambazo huhisi tatizo lolote, kwa kuwa aina iliyozoeleka ya ugonjwa huu huendelea kuharibu mshipa wa fahamu wa jicho bila maumivu.