Usifungue kidonda usiku halafu ukapanda ndege asubuhi

Wiki iliyopita nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja wa Pemba. Anaimba, anapiga gitaa, nyimbo anaandika mwenyewe, na sauti yake nimeisikia, wallahi Mungu kampa. Kaniandikia hivi: dada, nimepata watu wa kunizungusha mikoani, miji 9 kwa siku 12, nataka kila ninapofika niimbe halafu nizungumze na wasichana wenzangu habari za ndoa za utotoni, wewe umezunguka sana na yule mwimbaji wako wa kule barafuni, hebu nipe mbinu.

Miji 9 siku 12. Nilipoiona ile hesabu moyo ulinipiga paa, maana hesabu kama hiyo nilishaipanga mimi mwenyewe kwa mkono wangu na mpaka leo inaniuma. Nikaanza kumjibu kwenye simu, nikaona jibu linakuwa refu, nikasema bora niandike hapa na wengine msome, maana najua wengi mnaonifuata mna ndoto hiyo hiyo ya kuimba na kuwasaidia watu wenu.

Kwa wageni, mimi ni mtoto wa Unguja, kodiani nimefundishwa na ami yangu aliyekuwa akipiga taarab, na sasa naishi Ottawa, Kanada. Ottawa ni moja ya miji ya kusini ya Kanada yenye Wainuit wengi kabisa, wale wenyeji wa asili wa kaskazini kwenye barafu (wenyewe mtu mmoja ni Inuk, wengi ni Inuit, na lile neno Eskimo liacheni, wengi wao linawaudhi). Siku moja nilipiga kodiani kwenye shughuli ya watu wa mtaani kwetu, akanijia mwanamke mmoja macho yamemjaa machozi, akaniambia bibi yangu alikuwa akipiga hiyo. Nikadhani ananitania. Kumbe kweli, wavuvi wa nyangumi wa Scotland na Marekani walifika kwenye bahari zao karne ya 19 na kodiani zao, Wainuit wakazichukua wakazifanya zao, na mpaka leo kwenye sherehe zao watu wanacheza kodiani mpaka usiku wa manane. Bahari ilituletea sisi taarab ikawaletea wao dansi. Mwanamke yule ndiye mwimbaji niliyezunguka naye miaka 6. Hapa nitamwita Dada tu, jina lake silitaji kwa sababu mengine nitakayosema ni maisha yake na si yangu.

Sasa muelewe huko kwao kulivyo. Nunavut ni jimbo la Wainuit lililozaliwa tarehe 1 Aprili 1999, lina miji na vijiji 25 na hakuna barabara hata moja inayounganisha kijiji na kijiji. Hakuna kusema tunakodi Noah tunapakia spika tunakwenda. Ni ndege tu. Kutoka Ottawa mpaka Iqaluit, mji mkuu wao, ni kama saa 3 angani na mara nyingi tiketi yake inazidi ya kwenda Ulaya, kisha hapo unapanda kidege cha mapangaboi kwenda vijijini, na huko ikivuma dhoruba hakuna wa kumlalamikia, unakaa. Gitaa usilitoe kwenye begi ukifika, uliache saa zima au zaidi lizoee joto la ndani, la sivyo mbao inapasuka, hewa yao ni kavu kupita kiasi. Betri inakufa mfukoni ukiwa unatembea. Hayo ya vyombo mtu anajifunza safari moja, sitakaa sana hapo.

Mwaka wetu wa 2 mimi ndiye niliyepewa kupanga ratiba, na nilijiona mjanja. Kila mji usiku mmoja. Tunatua mchana, tunafunga vyombo kwenye ukumbi wa michezo wa shule, tunapiga, tunalala, asubuhi tunaondoka. Nilijumlisha hela za tiketi na vyumba nikaona tunabakiwa na kitu, nikajipongeza.

Tukafika Pangnirtung, wenyewe wanapaita Pang. Ni kijiji cha watu kama 1,500, kimekaa chini ya milima kwenye mkono wa bahari, kiwanja cha ndege kiko katikati ya nyumba, na upepo wa pale ndio unaoamua nani atue na nani asitue. Shoo ilikuwa tamu, watoto wanakimbia mbele ya jukwaa, bibi wamekaa mstari wa mbele na vijukuu mgongoni ndani ya amauti, lile koti lao lenye mfuko wa kubebea mtoto. Katikati Dada akasimamisha muziki akazungumza. Alizungumza mambo aliyofanyiwa utotoni na mtu mzima aliyeaminiwa na familia. Alizungumza kwa Kiinuktitut, lugha yao, taratibu, nami nikiwa na kodiani kifuani sikuelewa neno ila nilielewa ukumbi, maana ulinyamaza mpaka ukasikia mashine ya joto inavyonguruma.

Baada ya shoo nakunja nyaya, nikaona binti wa miaka 14 au 15 amesimama pembeni ya spika, kavaa ile kofia ya sufi ya rangi rangi wanayofuma Pang. Kamshika Dada mkono wa sweta, si mkono wenyewe, sweta, kwa vidole viwili. Anaongea kwa sauti ndogo. Zikapita dakika 10, 15. Na mimi, mjanja wa ratiba, nikaenda nikawasimamia nikasema Dada samahani, kesho saa 1 asubuhi tunatakiwa uwanjani na vyombo havijafungwa. Yule binti akaachia sweta. Vile vidole vilivyoachia naviona mpaka leo.

Asubuhi tukaruka. Tulipofika Iqaluit upepo ukachafuka, ndege ya kutupeleka mji unaofuata haikuondoka siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Siku 3 tumekaa hotelini tunatazama dirisha, saa moja tu ya ndege kutoka kwa yule binti, na hatuwezi kurudi. Zile siku zilikuwepo jamani! Mungu alikuwa kaziweka, mimi nikaziweka pasipo mahali pake. Dada hakunigombeza. Alikaa kitandani akaniambia neno moja tu, kwamba yeye alipokuwa na umri ule alimsubiri mtu wa kumwambia, na watu wote waliokuja walikuwa na ndege ya kuwahi.

Na hilo si neno la kishairi, ndiyo historia yao. Walikuja wamisheni wakasema ngoma yao na ule uimbaji wa koo wa wanawake wawili, katajjaq, ni dhambi. Wakaja wa serikali wakawachukua watoto kuwapeleka shule za bweni ambako mtoto akiongea lugha ya mama yake anaadhibiwa. Walipougua kifua kikuu wakabebwa na meli kupelekwa hospitali za kusini, wengine hawakurudi na jamaa zao hawakuambiwa wamezikwa wapi. Papa Francis alikwenda mwenyewe mpaka Iqaluit Julai 2022 kuomba msamaha kwa yale ya shule za bweni. Kwa hiyo mtu wa huko akimwona mgeni na begi lake anajua tayari, huyu atasema yake ataondoka. Sasa na wewe msanii, uliyekuja kwa jina la kuwatetea, ukifanya vile vile una tofauti gani?

Waimbaji wao wakubwa wanalijua hili. Susan Aglukark, aliyekulia Arviat, kijiji cha Nunavut, wimbo wake O Siem ulimpeleka juu ya chati za Kanada mwaka 1995, angeweza kukaa kusini akala jina lake. Yeye naye amesema hadharani aliyofanyiwa utotoni, na hakuishia kusema, alianzisha Arctic Rose Foundation ambayo inawapa watoto wa kaskazini mahali pa kukaa baada ya shule wakafanya sanaa na watu wazima wanaowaamini. Tanya Tagaq wa Cambridge Bay, huko huko Nunavut, yule anayeimba kwa koo mpaka nywele zikusimame, siku aliyoshinda tuzo ya Polaris, ile ya albamu bora ya Kanada, mwaka 2014 alipiga shoo yake huku nyuma yake yanapita majina ya wanawake wa asili 1,200 waliopotea au kuuawa. Hao ni watu wanaojua uzito wa kinywa chao.

Kwa hiyo mdogo wangu nisikilize kwa makini. Ukitaka kuimba tu, imba, miji 9 siku 12 inawezekana, utachoka lakini utafika. Ila ukitaka kuzungumza na wasichana habari ya ndoa za utotoni, bakiza siku. Kila mji bakiza siku, 2 au 3 baada ya shoo. Huwezi ukasimama na maiki ukamfungua mtoto kidonda alichokifunga mwenyewe kwa kitambaa chake, halafu asubuhi uko stendi. Bakiza siku. Na kabla hujapanda jukwaani uliza pale kijijini, nani anabaki mimi nikiondoka, nesi gani, mwalimu gani, bibi gani anayeaminika, mwite mbele ya watu wamwone sura. Kama hayupo mtu wa kubaki, ile hotuba usiitoe siku hiyo, imba nyimbo zako za kufurahisha watu urudi mara nyingine umejiandaa.

Na imba kwa lugha yako! Nimeona watoto wa Nunavut wanaojibu wazazi wao kwa Kiingereza wakisikia wimbo wa Dada kwa Kiinuktitut wanageuka wanauliza hilo neno maana yake nini. Wewe una Kipemba chako kitamu, usikifiche kwa ajili ya watu wa mjini.

Kuhusu hela sitakudanganya, zitapungua. Mwaka ule ule wa upepo tulichelewa shoo moja ya kusini, na promota aliyetuita alitukata nusu ya malipo ingawa tulimpigia simu kila siku kumweleza, halafu akawa anawaambia wenzake kwamba wasanii wa kaskazini hawategemeki. Liliniuma, linaniuma bado, kwa sababu Dada alipiga ile shoo na homa na alipiga vizuri kuliko siku yoyote. Tangu hapo mkataba wetu una kipengele cha hali ya hewa, ndege isiporuka hakuna anayemkata mwenzake. Na wewe kwenu weka cha boti na mvua. Asiyetaka kusaini hicho muache aende.

Mwaka uliofuata tukarudi Pang, mji mmoja, siku 6. Wenzangu wa bendi walinung'unika na mimi nikawaambia hela yangu ikatwe kwanza. Siku ya kwanza hatukupiga hata nota. Mzee mmoja mwanamke aliwasha qulliq, taa yao ya jiwe ya mafuta ya sili, alikuwa akiusogeza utambi kwa kijiti polepole ule moto mdogo ukawa mstari mmoja ulionyooka, tukakaa kimya tunautazama. Kisha wakatandika maboksi sakafuni, wakaweka samaki mbichi aliyeganda na maktaaq, ngozi ya nyangumi na mafuta yake, kila mtu anakata kwa ulu, kile kisu chao cha nusu mwezi. Mimi nilipewa ulu nikaonyeshwa jinsi ya kushika, na bibi mmoja akanivisha kofia ya Pang kichwani bila kusema kitu. Dada akaenda redio ya kijiji, ile ambayo watu wanatangaziana nani kapata samaki na nani kapoteza ufunguo, akasema niko hapa mpaka Jumamosi, mlango uko wazi. Hiyo tu ndiyo ilikuwa hotuba yake.

Shuleni tulikaa na watoto wanatunga mistari 4 kwa Kiinuktitut, mimi nawatafutia sauti kwenye kodiani. Siku ya kwanza yule binti sikumwona. Ya pili pia. Ya tatu nikaanza kuogopa kuuliza, nikimuuliza mtu nitasikia nini. Alikuja siku ya 4, jioni, wenzake wamekwisha ondoka. Siku ya 4! Kwenye ratiba yangu ya mwaka wa nyuma siku ya 4 tungekuwa tushapita miji 3 mbele. Nikachukua kodiani nikatoka nje ya chumba, nikakaa kwenye korido na viatu vya watoto.

Alichosema ni chake na Dada, na yule nesi aliyekuja kukaa nao baadaye. Mimi niliitwa ndani usiku. Walikuwa wamesimama uso kwa uso wameshikana mikono juu ya viwiko, wanafanya katajjaq, ile pumzi inayotoka na kuingia kama msumeno, na sheria yake ni kwamba atakayecheka kwanza kashindwa. Binti alicheka kwanza. Wakaanza tena, akacheka tena, wakaanza tena.

Mdogo wangu, usisaini bado. Nitumie ile ratiba ya miji 9 na huyo promota anakulipa shilingi ngapi kwa kila mji, tuikalie wiki hii tuone ipi tuiondoe. Naanza kuifuta ile ya siku ya 3 na ya 5, hizo nishaziona hazina hata muda wa chai.