Maswali ya Wasomaji: Alaska kwa meli na kwa nchi kavu, kipi kitangulie?

*Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi Chumbageni hapa Tanga pamoja na mke wangu, ambaye magoti humsumbua. Binti yetu anayefanya kazi Seattle amekusudia kututembeza Alaska mwezi wa Juni. Ameona safari ya meli ya siku saba inayoanzia Seattle na kurudi hapo hapo kwa bei nafuu. Tukishuka melini, anasema, tutapanda ndege hadi Anchorage, tukauone mlima Denali na mji wa Fairbanks kwa siku tatu, halafu turudi nyumbani. Jumla ni siku kumi na mbili. Sisi kwa meli hatujavuka Pemba. Je, mpango huu umekaa sawa? Na sala na chakula itakuwaje?*
*Mwalimu mstaafu, Chumbageni*

Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Wazazi wachache hupata zawadi ya namna hii kutoka kwa mtoto wao, na kwa kuwa ninatamani muifaidi yote, nitasema wazi kwamba mpango huu ungefaa kugeuzwa. Nchi kavu itangulie, meli ifuate, na Fairbanks iachwe kwa safari nyingine.

Kabla ya hayo yote lipo suala la viza, nalo lisipotatuliwa mengine hayana maana. Masharti ya Marekani kwa wenye pasipoti ya Tanzania yamekazwa tangu mwaka 2025, hivyo ubalozi wa Marekani ulioko Dar es Salaam ndio wa kuulizwa kwanza, na jibu lake lipatikane kabla binti hajalipa senti yoyote isiyorudishwa. Kanada nayo inataka viza yake, hata kwa abiria ambaye meli yake inatia nanga huko kwa saa chache tu za jioni.

Hapo ndipo safari ya bei nafuu ya Seattle inapoonyesha ugumu wake. Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inayokataza meli yenye bendera ya nchi nyingine kuwachukua abiria katika bandari moja ya Marekani na kuwashusha katika bandari nyingine ya nchi hiyo, na meli kubwa za utalii karibu zote hupeperusha bendera za Bahamas, Bermuda, Panama na kadhalika. Kwa sababu hiyo meli zinazotoka Seattle hulazimika kupitia bandari ya kigeni, mara nyingi Victoria ya Kanada, kisha hurudi zilikotoka, na zile zinazokwenda upande mmoja bila kurudi huanzia au kuishia Vancouver. Mkifuata mpango wa binti, mtaingia Marekani, mtatoka kwenda Kanada, mtaingia tena Marekani, na viza yenu itapaswa kuwa ya maingizo mengi ili msiwe na wasiwasi njiani. Zaidi ya hayo, meli ya kwenda na kurudi huishia kusini-mashariki mwa Alaska, mbali sana na Denali, ndiyo maana binti amelazimika kuongeza safari nyingine ya ndege ya zaidi ya saa tatu baada ya wiki nzima ya baharini.

Ninashauri muende hivi. Mfikie kwa binti Seattle na mkae naye siku tatu, kwa maana saa za huko wakati wa Juni ziko nyuma ya zetu kwa saa kumi, na mwili wa mtu mzima hauzoei tofauti hiyo kwa usiku mmoja. Kutoka hapo mruke pamoja hadi Anchorage, mlale, na kesho yake mpande treni kwenda Denali. Mlale Denali usiku wa kwanza na wa pili, mrudi Anchorage, kisha mshuke kwa treni ya asubuhi hadi bandari ya Seward, inakowasili kabla ya adhuhuri, mpande meli ya usiku saba inayoshuka kusini hadi Vancouver. Kutoka Vancouver mtarudi nyumbani moja kwa moja. Marekani mtakuwa mmeingia mara moja na Kanada mara moja. Ombeni tiketi ya ndege ya kuingilia mji mmoja na kutokea mji mwingine, ambayo mara nyingi haipishani sana na ya kwenda na kurudi. Siku zitafika kumi na tano au kumi na sita. Kama binti hawezi kupata likizo ya muda huo, afadhali apunguze siku za Seattle kuliko za Denali.

Sababu ya kutanguliza nchi kavu ni magoti ya mama. Ziara ya nchi kavu ndiyo inayochosha: mizigo hutolewa nje ya chumba alfajiri, mabasi ni ya masafa, hoteli hubadilishwa. Melini mtu hufungua sanduku mara moja tu kwa wiki nzima, na miji ndiyo inayomfuata. Wapo wanaopendelea kuanza na meli kwa hoja kwamba mlima ndio kilele cha safari. Siwapingi, ila wengi wao ni vijana.

Kuhusu Denali nitasema zaidi kidogo, kwa sababu ndiko wageni wengi wanakopunjika. Mlima huo una urefu wa mita 6,190, mrefu kuliko yote ya Amerika Kaskazini na kuupita Kilimanjaro wetu wa mita 5,895. Serikali ya Marekani iliurudishia rasmi jina la McKinley mwaka 2025, lakini hifadhi inaitwa Denali bado, na jina hilo lina asili katika lugha ya Wakoyukon, wenyeji wa asili wa Alaska, likiwa na maana ya kilicho juu. Wewe uliyewahi kwenda Moshi ukakaa siku tatu bila Kibo kujifunua unajua mawingu yanavyoweza kumnyima mtu alichokifuata. Denali ni hivyo hivyo, na inakadiriwa kwamba katika wageni watatu ni mmoja tu anayeuona. Anayelala usiku mmoja huwa na asubuhi moja tu ya kubahatisha. Usiku wa pili humpa siku nzima ya kuingia hifadhini kwa basi, kwani magari binafsi huruhusiwa kilomita 24 za mwanzo tu kati ya kilomita 148 za barabara hiyo. Tangu Agosti 2021 maporomoko ya mahali paitwapo Pretty Rocks yaliikata barabara karibu na nusu yake, na daraja la kuyavuka likaanza kujengwa. Binti aulize basi linafika wapi katika msimu wenu. Hata kwa kuishia hapo mtu anaweza kuona dubu, mbwamwitu, kondoo weupe wa milimani na yule mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kuliko farasi, aitwaye moose. Mama achukue kiti cha mbele, na mjue kwamba safari hiyo huchukua kama saa tano za kukaa.

Fairbanks ni mji wenye mambo yake, lakini kutoka Anchorage ni kilomita 570 na zaidi, siku nzima ya saa kumi na mbili kwa treni, na Juni hamna giza la kuonea zile taa za kaskazini, yaani mianga ya rangi ya angani, zinazowavuta watu huko. Treni yenyewe, hata hivyo, msiikose. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1923, Rais Warren Harding alipopigilia msumari wa mwisho huko Nenana, na baadhi ya mabehewa yake yana dari la vioo. Ulizeni mapema kama behewa lenu lina ngazi za kupanda, kwa ajili ya magoti.

Njiani kati ya Anchorage na Seward, Mwalimu, ukae upande wa bahari. Reli hupita kando ya mkono mrefu wa bahari uitwao Turnagain, jina uliopewa na msafara wa Kapteni James Cook mwaka 1778 kwa sababu ulikuwa umewalazimisha kugeuza tena. Sisi wa Tanga tunaijua bamvua, lakini maji ya huko hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tisa, na siku za bamvua kubwa maji kujaa hutanguliwa na wimbi moja linalosafiri kama ukuta mdogo kuingia ndani. Yakitoka huacha matope yanayoonekana magumu, kumbe hunasa mguu wa mtu. Msiyakanyage hata mkiona wengine wakifanya hivyo.

Melini, jambo la kwanza kuuliza ni kama meli inaingia Glacier Bay, yaani Ghuba ya Mito ya Barafu, kwani hifadhi hiyo hairuhusu meli kubwa zaidi ya mbili kwa siku. Mto wa barafu ni barafu ya kale iliyorundikana milimani kwa karne nyingi ikawa inateremka polepole hadi baharini, ambako humeguka kwa mshindo kama wa radi. Kapteni George Vancouver alipopita mwaka 1794 ghuba hiyo karibu yote ilikuwa imejaa barafu. Leo meli huingia ndani takriban kilomita mia moja mahali ambapo palikuwa barafu tupu. Watlingit wa Hoonah, wenyeji wa asili wa eneo hilo, husimulia kwamba mababu zao waliishi katika bonde hilo kabla barafu haijawafukuza, na tangu mwaka 2016 wana nyumba yao ya jadi ndani ya hifadhi. Simulizi hiyo isikilizwe kwa makini melini, wakati mlinzi wa hifadhi anapopanda kuzungumza na abiria. Meli isiyoingia huko mara nyingi huenda kwenye barafu ya Hubbard, yenye uso wa upana wa kilomita kumi hivi, nayo pia haitawasikitisha.

Bandari zitakuwa tatu au nne. Skagway ina treni ya White Pass, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 wakati wa kukimbilia dhahabu ya Klondike huko Kanada, nayo inamfaa sana mama kwa kuwa mtu huona milima akiwa ameketi. Baadhi ya safari zake huvuka mpaka wa Kanada, hivyo pasipoti na viza ziwe mkononi. Juneau, mji mkuu wa jimbo, hauna barabara ya kuufikia kutoka nje, ni bahari na ndege tu, na hapo ndipo pa kulipia boti ya kuangalia nyangumi. Wale wenye nundu huja Alaska kula wakati wa kiangazi na kwenda kuzalia Hawaii, kama ndugu zao wa kusini wanavyopita mwambao wetu kuanzia Julai. Ketchikan ni mji wa mvua na nguzo za kuchongwa.

Nguo si lazima ziwe za gharama. Baridi ya bandarini wakati wa Juni haiizidi sana ile ya Lushoto ya Julai. Tatizo ni mvua na upepo wa mbele ya barafu. Sweta mbili za kuvaliwa kwa tabaka, koti lisilopenyeza maji, kofia na glovu hupatikana katika mitumba hapa hapa mjini. Mbu wa Denali ni wengi ila hawana malaria. Katika fedha, mtenge bahashishi ya wahudumu, ambayo kampuni nyingi hutoza zenyewe kiasi cha dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku, na bima inayolipia kusafirishwa kwa mgonjwa, kwani mtu akiugua baharini huweza kuhitaji helikopta. Chumba chenye roshani kinapendeza, lakini kama fedha haitoshi kwa roshani na kwa usiku wa pili wa Denali, chagueni Denali, kwa maana sitaha ni ya abiria wote.

Sasa sala. Kibla hakitawasumbua: kama ilivyo Tanga, huko nako ni karibu kaskazini kamili, kwa kuwa njia fupi ya kufika Makka kutoka Alaska hupita jirani na ncha ya dunia. Kinachohitaji kuzoewa ni saa. Denali mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa sita za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi, na giza la kweli haliingii kati yake. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi hapa Pwani, msafiri ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala. Namna ya kuzipima isha na alfajiri mahali pasipo na giza muulize shehe wako kabla ya kuondoka, uende na ratiba iliyoandikwa. Anchorage pana msikiti. Chakula cha halali melini huombwa wiki kadhaa kabla, kwa maandishi, na jina lenu lithibitishwe siku ya kwanza kwa msimamizi wa mgahawa. Isipopatikana nyama, salmoni na samaki wengine wa huko ni wengi na wazuri.

*Na mimi nataka kwenda Alaska na dada yangu, lakini boti ya Pemba haijafika nusu ya safari huwa nimekwisha kutapika. Je, nisiende?*
*Mama wa Pongwe*

Uende, mama, ila usichukue njia niliyompa Mwalimu. Ile ya kutoka Seward huvuka Ghuba ya Alaska, ambayo ni bahari ya wazi kama mkondo wa Pemba, tena pana zaidi. Chukua safari inayoanzia na kurudi Vancouver, kwa sababu hupita karibu muda wote katikati ya visiwa, navyo ni zaidi ya elfu moja upande wa Alaska peke yake, vikiyakinga maji kama Ulenge na Yambe zinavyoikinga bandari yetu. Nyingi za zinazotoka Seattle hupita nje ya Kisiwa cha Vancouver, hivyo ulizia njia na si bei peke yake. Chumba kiwe ghorofa ya chini, katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo. Tangawizi inasaidia wengi. Dawa ya kichefuchefu mwombe mfamasia, umweleze na nyingine unazotumia, nawe uimeze kabla meli haijang'oa nanga, kwa sababu ukingoja mpaka tumbo limechafuka utaitapika nayo.