Aliyepigwa Utotoni, Lazima Naye Apige?

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Iringa. Mdogo wangu anafanya kazi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na anasema wanaume wengi wanaowapiga wake zao kule waliteswa utotoni. Je, mtoto aliyeteswa hawezi kuepuka kutesa? – Msomaji, Iringa

JIBU: Mwalimu, mdogo wako ameona jambo la kweli, ila ameliona kwa upande mmoja. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba mwanamume aliyepigwa utotoni, au aliyeshuhudia mama yake akipigwa, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kumpiga mkewe, na msichana aliyeteswa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupigwa ukubwani. Lakini anayewahesabu wapigaji peke yao hawaoni waliopigwa wakaacha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu walipata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Kama kila mmoja wao angegeuka mpigaji, ni nyumba ngapi zingebaki na amani, kuanzia hapa kwetu ambako kumchapa mtoto bado kunaitwa kumnyoosha?

Anachojifunza mtoto, kwa maoni yangu, ni kwamba ugomvi wa nyumbani huisha pale mwenye nguvu anapotaka uishe. Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo na kuwapokea Warundi mwaka 2015, somo hilo hukosa kizuizi: mgao wa chakula hupunguzwa, baba haruhusiwi kutoka kutafuta kibarua, familia hubanana, na wazee ambao wangemkanya pengine walibaki walikotoka. Hata hivyo mgao huohuo humpungukia na jirani asiyempiga mtu, kwa hiyo dhiki haimwondolei mpigaji lawama.

Mwambie mdogo wako asimhoji mama mbele ya mumewe, wala asijaribu kuwapatanisha yeye mwenyewe, kwa kuwa kipigo cha baada ya kikao cha namna hiyo huweza kuzidi cha kwanza. Amsikilize faraghani, amwulize anataka nini, kisha akikubali amfikishe kwa wahudumu wa ulinzi kambini. Historia ya mume itazungumzwa baadaye, usalama wa mke usiisubiri. Watoto wanaochungulia ugomvi ule nao waangaliwe, maana huwa wanasahaulika. Kwa wanafunzi wako wanaopitia hayo nyumbani, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo.